Goma ina kamera na hadithi, mwalimu wa mwigizaji yuko ng'ambo

GOMA, Kivu Kaskazini – Siku hizi mwigizaji anayetafuta nafasi katika filamu haitwi ofisini kwa mtayarishaji. Anatumiwa kurasa mbili za mazungumzo kwenye simu, anaambiwa ajirekodi nyumbani na atume video kabla ya kesho asubuhi. Utaratibu huo ulienea duniani wakati wa janga la korona na haukuondoka.

Mjini Goma, kazi hiyo ya dakika mbili inaweza kula usiku mzima. Kwanza umeme. Kisha mvua, ambayo ikianza kupiga mabati ya Ndosho au Majengo, hakuna simu inayoweza kunasa sauti nyingine. Mvua ikikatika, jirani anawasha jenereta. Jenereta ikizimwa, pikipiki zinaanza. Na video ikishapatikana, bado kuna megabaiti za kununua ili iondoke.

Hayo yana dawa. Godoro likiegemezwa dirishani hupunguza kelele, shuka jeupe hurudisha mwanga usoni, na alfajiri mji huwa kimya. Kigumu zaidi huonekana video inapofunguliwa upande wa pili. Mwigizaji yumo ndani ya picha, maneno anayajua, hisia anazo, lakini anazungumza na mtu aliye mita thelathini mbele yake. Nyusi zinapanda, mikono inatoka nje ya fremu, sauti inajaza chumba. Simu iko umbali wa mkono mmoja.

Asilaumiwe. Hivyo ndivyo Goma ilivyomfundisha.

Kanisani, uwanjani, sokoni

Njia ya mwigizaji wa mji huu inajulikana. Huanza na michezo ya shule au ya kanisa, Krismasi na Pasaka. Akionekana ana kipaji, anaingia kikundi cha mtaani, kile ambacho wenyeji hukiita tu teatre. Baada ya hapo yanakuja mashirika, yenye haja ya mchezo kuhusu chanjo, kipindupindu, migogoro ya ardhi, ubakaji. Mwaka 2019, Ebola ilipofika Goma, ujumbe wa kunawa mikono na kupimwa joto ulihitaji watu wa kuufikisha, na wanaojua kusimama mbele ya umati wakapata kazi.

Shule hiyo si ndogo. Shirika la Search for Common Ground, ambalo wengi hapa wanalijua kwa jina la Centre Lokole, limetumia kwa miaka mingi mchezo shirikishi mashariki mwa Kongo. Waigizaji wanaingia kijijini, wanasikiliza ugomvi uliopo, kisha wanaucheza sokoni mbele ya wenye ugomvi wenyewe na kuwaalika waingie mchezoni na kuubadili mwisho wake. Mizizi ya mbinu hiyo ni kazi ya Mbrazili Augusto Boal. Anayeiweza hujua kusikiliza, kubuni papo hapo na kumshika mtazamaji asiyelipa kiingilio, aliyesimama juani na mzigo kichwani. Wahitimu wengi wa vyuo vikubwa vya Ulaya wangetoroka baada ya dakika tano.

Kizazi cha sasa kimeongeza simu. Vichekesho vya dakika moja vya TikTok na YouTube, vilivyorekodiwa kwa wima, vinamfanya kijana mmoja kuwa mwandishi, mpiga picha, mwigizaji na mhariri. Kwa kweli hapo ndipo wengi wanapogundua wenyewe, bila mwalimu, kwamba kamera haipendi kelele.

Upande wa nyuma ya kamera, mji una historia ndefu kuliko inavyodhaniwa. Mwongozaji Petna Ndaliko Katondolo alianzisha kituo cha Yolé!Africa akiwa Uganda mwanzoni mwa miaka ya 2000, kisha akakileta Goma. Kutoka humo lilizaliwa tamasha la filamu lililojulikana kwanza kwa jina la Salaam Kivu, na vijana wengi wakashika kamera, programu za uhariri na dansi kwa mara ya kwanza. Mwaka 2020 Mholanzi Joris Postema alitoa filamu aliyoirekodi hapa, Stop Filming Us, kuhusu namna watu wa nje wanavyoipiga picha Goma. Miaka miwili baadaye Bernadette Vivuya na Kagoma Ya Twahirwa wakamjibu kwa filamu yao wenyewe, Stop Filming Us But Listen. Swali la nani anashika kamera, basi, Goma imeshaliweka mezani na kulijibu.

Swali la nani anasimama mbele yake katika hadithi za kubuni bado halijajibiwa.

Hadithi ya Kivu, msitu wa Uganda

Filamu ya The Mercy of the Jungle ya Mnyarwanda Joël Karekezi inasimulia habari za askari wawili waliopotea katika msitu wa Kivu mwaka 1998, vita vya pili vya Kongo vilipoanza. Ilirekodiwa Uganda. Mwaka 2019, kwenye tamasha la FESPACO mjini Ouagadougou, ilitwaa tuzo kuu, na Marc Zinga akapewa ya mwigizaji bora wa kiume. Zinga alizaliwa Likasi, Katanga, na kukulia Ubelgiji.

Mwaka 2025 ikatoka Muganga, filamu ya Marie-Hélène Roux kuhusu Daktari Denis Mukwege na hospitali ya Panzi mjini Bukavu, kuvuka ziwa tu kutoka Goma. Daktari huyo amechezwa na Isaach de Bankolé, mzaliwa wa Côte d'Ivoire, na Panzi ya kwenye filamu ilijengwa Gabon. Neptune Frost ya Saul Williams na Anisia Uzeyman, iliyooneshwa Cannes mwaka 2021, inazungumzia wachimbaji wa koltani na wadukuzi wa mitandao. Ilirekodiwa Rwanda, na wasanii wake wengi ni wa Rwanda na Burundi. Sehemu ya maneno yake ni ya Kiswahili.

Hakuna aliyekosea. Kampuni za bima hazipendi eneo la vita, na mwongozaji mwenye wiki chache za kurekodi hataki kusikiliza mizinga. Lakini ipo sababu ambayo amani peke yake haitaitibu. Anayetaka waigizaji kumi waliozoea lenzi, wanaoweza kurudia tukio moja mara kumi na tano bila kupoa, atahangaika kuwapata hapa. Vipaji vipo. Kinachokosekana ni saa za mazoezi mbele ya mtu anayejua kusema: hapana, punguza, rudia.

Na lugha inateseka pamoja nao. Mtu wa Goma husema "niko nakuya" pale ambapo wa Dar es Salaam angesema "ninakuja", na huita watoto "batoto". Mhusika wa Masisi anapochezwa na mtu wa mbali aliyekariri Kiswahili kwa wiki mbili, mtazamaji wa Birere hugundua kabla ya sentensi ya kwanza kuisha.

Uso wa Mosjoukine

Kazi ya kuigiza mbele ya kamera ina mambo ambayo jukwaa halifundishi, na mengine yanakwenda kinyume kabisa na jukwaa.

Karibu miaka mia moja iliyopita Mrusi Lev Kuleshov alichukua picha ya uso wa mwigizaji Ivan Mosjoukine, uso uliotulia usio na hisia dhahiri, akaiunganisha mara na bakuli la supu, mara na jeneza, mara na mwanamke. Inasimuliwa kwamba watazamaji walisifu jinsi mwigizaji alivyoonesha njaa, kisha majonzi, kisha tamaa. Uso ulikuwa uleule. Wanafunzi wa filamu hupewa kisa hicho mapema, na maana yake kwa mwigizaji ni nzito: mtazamaji na mhariri watafanya sehemu ya kazi yake. Akiwasukumia hisia kwa nguvu, anawanyima nafasi.

Kisha kuna mambo ya ufundi yanayochosha. Filamu hairekodiwi kwa mpangilio wa hadithi. Mazishi yanaweza kurekodiwa asubuhi na harusi ya marehemu huyohuyo mchana, kwa sababu nyumba imekodiwa siku moja. Mwigizaji lazima ajue kila saa ya siku mhusika wake yuko wapi katika maisha yake. Akinyanyua glasi kwenye neno fulani wakati picha inapigwa kwa mbali, atainyanyua kwenye neno lilelile itakapopigwa kwa karibu, la sivyo mhariri hataweza kuziunganisha. Atatembea na kusimama juu ya alama ya sakafuni bila kuitazama, kwa kuwa akizidi kidogo tu anatoka kwenye umakini wa lenzi. Atamtazama mpenzi wake machoni kumbe mpenzi alishaondoka na mahali pake pamebandikwa kipande cha utepe kando ya kamera.

Hakuna muujiza hapo. Ni mazoea, na mazoea hujengwa kwa miezi. Warsha ya wiki mbili inayoletwa na mfadhili humwonesha mwigizaji mlango. Wakati anapoanza kuusukuma, mkufunzi ameshapanda ndege.

Dubu wa fedha bila shule

Hoja ya upande wa pili ina nguvu, na ina jina. Rachel Mwanza alikuwa msichana aliyeishi katika mitaa ya Kinshasa alipochaguliwa na Mkanada Kim Nguyen kuwa mhusika mkuu wa Rebelle, filamu kuhusu mtoto askari. Hakuwa amesoma uigizaji popote. Februari 2012 alipewa Dubu wa Fedha wa mwigizaji bora wa kike kwenye tamasha la Berlin, na filamu ikafika hatua ya kuwania Oscar. Miaka miwili kabla, Djo Tunda Wa Munga alimpa mwanamuziki Patsha Bay nafasi ya kwanza katika Viva Riva!, na filamu hiyo ikazoa tuzo sita za chuo cha filamu cha Afrika, AMAA, mwaka 2011.

Kwa hiyo digrii ya nini?

Labda swali liulizwe kuhusu filamu ya pili, na ya tano. Mwongozaji mahiri anaweza kumchukua mtu asiye na mafunzo, akamzungushia hadithi inayofanana na maisha yake, na kupata kitu ambacho hakuna chuo kingeweza kukitoa. Hadithi inayofuata haifanani na maisha yake. Itamtaka awe hakimu, au muuza samaki wa Zanzibar, au sauti ya jini kwenye katuni, na hapo kipaji kinahitaji kitu cha kushikilia.

Afrika Mashariki ina mfano wake mmoja mkubwa wa njia nyingine. Lupita Nyong'o alifanya kazi ndogondogo katika timu ya The Constant Gardener ilipokuwa ikirekodiwa Kenya, kisha mwaka 2009 akaigiza katika Shuga, tamthilia ya MTV iliyofadhiliwa kwa pesa za kupambana na Ukimwi. Yaani alianzia palepale wanapoanzia wa Goma: kwenye ujumbe wa afya wenye mfadhili. Angeweza kubaki hapo. Alikwenda Marekani, chuo cha maigizo cha Yale, akasoma uzamili wa miaka mitatu na kumaliza mwaka 2012. Filamu yake kubwa ya kwanza ilikuwa 12 Years a Slave, na Machi 2014 akashika Oscar.

Kinachosahaulika ni kilichofuata. Mwaka 2015, katika Star Wars: The Force Awakens, alikuwa Maz Kanata, kiumbe mdogo mwenye macho makubwa ambaye hana hata kipande cha sura ya Lupita. Kompyuta ilinasa miondoko ya mwili na uso wake na kumvisha mhusika. Kazi ya namna hiyo, ambayo Mwingereza Andy Serkis aliitangaza alipomcheza Gollum mwaka 2002, humwacha mwigizaji ndani ya chumba kitupu, amevaa nguo ya kubana yenye vidoti, akipigana na joka ambalo halipo. Mavazi hayapo, jukwaa halipo, mara nyingi hata mwenzake hayupo. Anabaki na mwili, pumzi na ubunifu.

Na hapo, kwa mshangao kidogo, yule mwigizaji wa sokoni aliyezoea kucheza bila mapambo wala taa ana mtaji mkubwa.

Barabara zinazotoka Goma

Mtaji huo aupeleke wapi? Katika vitivo vya Chuo Kikuu cha Goma na vya ULPGL kuna sheria, uchumi, tiba, maigizo hayamo. Mageuzi ya mfumo wa LMD, yaliyoanza kutekelezwa kwa upana katika vyuo vya Kongo mwaka wa masomo 2021-2022, yameweka lisansi ya miaka mitatu na masta ya miwili juu yake. Ngazi ya uzamili sasa inaeleweka vizuri zaidi kwa vyuo vya nje. Kwa sanaa ya kuigiza, hata hivyo, ni ngazi inayoegemea ukuta ambao haujajengwa Goma.

Kinshasa ipo INA, Taasisi ya Kitaifa ya Sanaa, yenye mizizi ya mwaka 1967, inayofundisha maigizo kwa Kifaransa. Ni umbali wa zaidi ya kilomita 1,500 kwa ndege, na uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa mji ulipoingia mikononi mwa waasi wa AFC/M23 mwishoni mwa Januari 2025. Benki nazo zikafunga milango. Mwanafunzi wa Goma anayetaka kusoma katika mji mkuu wa nchi yake analazimika kwanza kuipita nchi nyingine.

Upande wa mashariki barabara ni fupi. Kigali, saa chache kutoka mpakani, kuna Kwetu Film Institute ya Eric Kabera, aliyetayarisha 100 Days, filamu ya mwaka 2001 kuhusu mauaji ya kimbari. Bagamoyo kuna TaSUBa, iliyoanza mwaka 1981 kama Chuo cha Sanaa, inayotoa cheti na stashahada za sanaa. Anayetoka Goma angalau hatapotea njia wala kukosa wa kuongea naye. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimefundisha sanaa za maonyesho tangu miaka ya 1960, hadi uzamili. Profesa wake Amandina Lihamba, mwenye shahada ya uzamivu ya Leeds, alivuka mwenyewe kutoka jukwaani hadi kwenye skrini katika Maangamizi ya mwaka 2001. Masomo ya chuo hicho ni ya Kiingereza, jambo ambalo kijana aliyesoma kwa Kifaransa tangu darasa la kwanza hulijua mapema.

Nairobi, mwaka 2018, kampuni ya MultiChoice ilifungua darasa la filamu la miezi 12 kwa vijana 20. Nchi zilizoalikwa zilikuwa Kenya, Uganda, Tanzania na Ethiopia. Kongo, ambayo wakati huo haikuwa mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, haikuwemo. Ilijiunga mwaka 2022. Hata hapo, mafunzo yalielekea kwenye kamera, sauti na uhariri. Mwigizaji kwa mara nyingine alitarajiwa kujileta akiwa ameshaiva.

Masomo yanayobeba jina lenyewe, uzamili wa kuigiza kwa ajili ya skrini, yako mbali zaidi. Chuo cha Royal Central mjini London hutoa masta ya mwaka mmoja, na ada ya mgeni hupita pauni 20,000 kabla ya kodi ya chumba. Yale ni habari tofauti, na inafaa ijulikane Goma: tangu mwaka 2021, kufuatia zawadi ya dola milioni 150 kutoka kwa tajiri David Geffen, chuo chake cha maigizo hakitozi ada ya masomo kwa wanafunzi wa kozi zake za kudumu. Zaidi ya hayo, asiye na shahada ya kwanza anaweza kupokewa, akasoma yaleyale na kutunukiwa cheti mahali pa shahada. Mlango ni mwembamba sana, na visa ni hadithi nyingine. Lakini ada, kile kikwazo cha kwanza ambacho kila mtu hukitaja, haipo.

Uso ni mali

Sehemu ya mafunzo hayo ambayo Goma ingeihitaji hata kesho haihusu hisia kabisa. Inahusu karatasi.

Mwaka 2023 waigizaji wa Marekani kupitia chama chao cha SAG-AFTRA waligoma kwa siku 118, kuanzia Julai 14 hadi Novemba 9. Moja ya hoja kubwa ilikuwa nakala za kidijitali: mwigizaji anaskaniwa uso na mwili mara moja, kisha kompyuta inaweza kumtumia tena bila kumwita. Makubaliano yaliyomaliza mgomo yaliwataka watayarishaji waombe idhini na walipe.

Mwigizaji wa Goma hana chama cha namna hiyo. Ana fomu ya ruhusa ya picha, ambayo huwekwa mbele yake muda mfupi kabla ya kurekodi, huku gari la shirika likingoja. Picha itatumika miaka mingapi? Nchi gani? Inaweza kufundishia mashine? Mwanafunzi wa uzamili hufundishwa kuuliza maswali hayo kabla ya kushika kalamu. Asiyefundishwa anauza uso wake kwa nauli na chakula cha mchana, pengine kwa maisha yake yote.

Kuna uchungu wa pekee katika hilo, kwa kuwa vifaa vyenyewe vina asili hapahapa. Rubaya, katika eneo la Masisi, inakadiriwa kutoa takriban asilimia 15 ya koltani ya dunia, madini yanayoingia kwenye vijenzi vidogo vya simu na kompyuta. M23 iliichukua Rubaya Aprili 2024. Udongo wa Kivu unafika studio za kunasa miondoko bila shida. Watu wake ndio wanaokwama mpakani.

Kulivua jukumu

Lipo jambo jingine ambalo huzungumzwa kidogo. Michezo mingi inayolipa Goma ni ya maumivu: ubakaji, mtoto askari, mama anayekimbia na mzigo mgongoni. Wanaoicheza si wageni wa mambo hayo. Mji ulitekwa Novemba 2012, ukatekwa tena 2025, na katikati Nyiragongo ikalipuka Mei 2021. Dada anayecheza aliyebakwa anaweza kuwa anacheza habari ya nyumba ya tatu kutoka kwao, au yake.

Mwigizaji aliyepitia mafunzo marefu hujifunza kuingia katika jukumu na, muhimu zaidi, kutoka. Mbinu ni za kawaida kabisa: kuvua kipande fulani cha nguo kama ishara, kutikisa mwili, kutaja jina lako kwa sauti, kuzungumza na mwenzako mambo ya mchana. Tangu mwaka 2018, kituo cha HBO cha Marekani huweka msimamizi maalumu kwenye matukio ya faragha, anayepanga kila mguso kabla kamera haijawashwa. Kwenye uwanja wa mpira wa kambi ya wakimbizi, mchezo ukiisha, dada huyo hurudi nyumbani kwa miguu, na watoto njiani humwita kwa jina la mhusika.

Na kurekodi kwenyewe kumekuwa hatari. Februari 13, 2025, wiki mbili na kitu baada ya mji kubadilisha mikono, mwanamuziki Delcat Idengo aliuawa kwa risasi mjini Goma akiwa anarekodi video ya wimbo wake. Serikali ya Kinshasa iliwalaumu M23. Kijana anayefikiria kutoka na kamera barabarani hahitaji kukumbushwa kisa hicho.

Ndiyo maana chumba kina faida yake. Kujirekodi kwa ajili ya majaribio hakuhitaji barabara, wala kibali, wala umati. Kunahitaji ukuta mmoja mtupu, simu iliyolazwa kwa upana na kuwekwa usawa wa macho juu ya vitabu vilivyopangwa, mtu wa kusoma maneno ya mhusika wa pili kwa sauti ya chini akiwa kando ya lenzi, na mwigizaji aliyejifunza kunong'ona bila kupotea. Mambo matatu ya kwanza Goma inayo tayari.

Kabla ya tukio lenyewe, anayejirekodi hutakiwa kuitazama kamera na kujitambulisha: jina, urefu, mji alipo, lugha anazozungumza. Hapo mwigizaji wa Goma huchukua muda mrefu kuliko wengi. Kiswahili, Kifaransa, Kilingala, Kinande au Kihunde, mara nyingi Kinyarwanda pia. Kisha hubaki swali la mwisho kwenye orodha, kama ana pasipoti na yuko tayari kusafiri.